Athari na mwitikio: dawa za jamii ya adrenalini katika mwili unaozeeka

Katika maandishi ya tiba, maneno *athari* na *mwitikio* hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe. Athari ni matokeo yanayosababishwa na dawa. Mwitikio (wingi: miitikio), nomino itokanayo na kitenzi *itikia*, ni namna mwili unavyoijibu dawa hiyo. Tofauti hii hudhihirika vyema tunapoeleza uzee.

Adrenalini ni homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya figo. Hufanya kazi kwa kushikamana na vipokezi vya seli: vipokezi vya beta vya moyoni huongeza kasi ya mapigo, ilhali vipokezi vya alfa huibana mishipa ya damu. Kadiri umri unavyosonga, mwitikio wa vipokezi vya beta hupungua. Isoprenalini, kwa mfano, ni dawa inayoviamsha vipokezi hivyo; mzee huhitaji kiasi kikubwa zaidi kuliko kijana ili mapigo yake yaongezeke kwa idadi ile ile. Wakati huohuo, kiwango cha noradrenalini katika damu huelekea kupanda uzeeni. Mwito basi upo. Kilichofifia ni kuitikiwa kwake.

Kwa hiyo, sentensi ifuatayo ina kasoro:

*Dawa hizi hazifanyi kazi kwa wazee.*

Kwanza, inaihusisha dawa na badiliko lililo mwilini. Pili, *kupungua* si *kukoma*. Tatu, inajumlisha mno, kwani mwitikio wa mishipa kupitia vipokezi vya alfa haudhoofiki kwa kiasi hicho. Prazosini, inayovizuia vipokezi vya alfa, yaweza hata kumletea mzee madhara makubwa zaidi: mishipa hutanuka, na kwa kuwa mwili wake hurekebisha shinikizo la damu polepole, anaposimama hupata kizunguzungu na huenda akaanguka.

Sentensi sahihi ni hii:

*Kwa wazee, mwitikio wa moyo kwa dawa zinazoamsha vipokezi vya beta hupungua.*

Ni ndefu zaidi, lakini inataja kiungo, aina ya dawa na aina ya kipokezi. Msomaji wa ile ya kwanza angeweza kuacha dawa au kujiongezea kipimo. Ya pili haimpi sababu ya kufanya lolote kati ya hayo bila kumwona daktari.