Jumba Hujengwa Upya, Mtu Hajengwi

Ndugu wapiganaji na askari polisi, katika mji wa Milan, nchini Italia, lipo jumba mashuhuri liitwalo La Scala. Humo huchezwa opera, yaani tamthilia ambayo wachezaji wake huimba maneno badala ya kuyasema. Jumba hilo lilisanifiwa na Giuseppe Piermarini, likafunguliwa tarehe 3 Agosti, 1778, kushika nafasi ya lile la awali lililoteketea kwa moto mwaka 1776.

Vita Kuu ya Pili haikulisaza. Usiku mmoja wa Agosti 1943, ndege za Uingereza ziliupiga mji huo kwa mabomu. Paa la jumba likaporomoka, ukumbi ukawa kifusi. Hata hivyo lilijengwa upya. Tarehe 11 Mei, 1946, Arturo Toscanini, aliyekuwa ameihama nchi kwa kuwapinga Wafashisti, alirudi kuongoza muziki wa ufunguzi. Miaka mitatu ilikuwa haijatimia.

Nasi tunalo Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Kampala, lililofunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1977, mkurugenzi wake wa sanaa, Byron Kawadwa, aliongoza kundi lililokwenda Lagos, Nigeria, kwenye tamasha kuu la sanaa za watu weusi. Huko walionyesha Oluyimba lwa Wankoko, tamthilia yake ya nyimbo juu ya kugombea kiti cha enzi, ambayo muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Mwaka ule ule, baada ya kurejea nyumbani, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa serikali ya Idi Amin, akauawa. Kuta za jumba zilibaki nzima. Mtungaji hakurudi tena.

Hapo ndipo lilipo funzo letu. Rubani wa Milan aliangusha bomu gizani. Waliomchukua Kawadwa walimwendea mtu kwa jina lake, nao walikuwa wakilipwa kwa kodi ya wananchi, kama tulipwavyo sisi.

Sanaa haikai katika majumba makubwa peke yake. Askari aliye zamu Petta, Tororo, au mpakani Busia, husikia ngoma na nyimbo za wenyeji, zikisifu na zikikosoa. Mwimbaji akimkosoa mkubwa, au hata sisi wenyewe, hilo si kosa la kutiwa pingu. Wajibu wetu ni kuulinda uwanja hadi ngoma iishe, na waimbaji wafike makwao salama.