Kitambaa cha Mwili Wetu

Mama anunuaye kitambaa sokoni hatazami rangi tu. Hukivuta, hukisugua kwa vidole, hukiinua juani, apate kujua kama kimefumwa vizuri. Daktari Mfaransa Xavier Bichat alifanya vivyo hivyo na viungo vya maiti: alivikausha, alivichemsha, alivitia katika dawa kali, bila kutumia hadubini. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 alihesabu aina 21 za tishu, neno litokalo katika Kifaransa, maana yake kitambaa kilichofumwa. Mwaka uliofuata akafa, akiwa na miaka 30 tu.

Leo madaktari huhesabu aina nne. Ya kwanza hufunika: ndiyo tabaka la juu la ngozi, na utando wa ndani ya kinywa na matumbo. Ya pili huunganisha na kutegemeza, kama kano, mifupa, mafuta, hata damu. (Nasi tulishangaa kusikia damu ikiitwa kitambaa!) Ya tatu ni misuli: ile ya mkono hututii, ile ya moyo hufanya kazi yake hata tukilala. Ya nne ni ubongo na mishipa ya fahamu, ipelekayo habari mwilini mwote.

Lakini yatupasa kujua kwamba Muumba hakuzipa zote uwezo sawa wa kujishona. Mfupa uliovunjika huunga. Sehemu ya moyo iliyokufa hubaki kovu. Chembe za ubongo zikifa, karibu zote hazirudi.

Na ngozi je? Tumfikirie mtoto aliyejimwagia maji ya moto ya bugali. Kama tabaka la juu peke yake limeungua, chembe zilizobaki katika mashina ya vinyweleo hupanda na kutandaza ngozi mpya. Moto ukishuka chini ya mashina hayo, hakuna mbegu iliyosalia. Jeraha huziba polepole kutoka kandokando, kwa kovu livutalo, na vidole huweza kukunjamana daima. Tena mishipa ya fahamu ikiungua, mtoto hasikii maumivu mahali pale. Wazazi hufurahi, wakidhani kidonda ni chepesi, kumbe ndicho kibaya kupita vyote.

Joto huendelea kula nyama hata baada ya sufuria kuondolewa. Kwa hiyo mtoto avuliwe upesi nguo na bangili zisizoshikamana na ngozi, na mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi, wala si barafu, kwa muda wa dakika 20. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipatwe na baridi. Mama wazee watatukasirikia, lakini mafuta, majivu, unga na dawa ya meno visipakwe kamwe: huzuia joto lisitoke, huleta uchafu, tena humficha daktari ukubwa wa jeraha.

Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe hospitali, hasa kama limepita kiganja chake kwa ukubwa, au liko usoni, mikononi, penye viungo au sehemu za siri. Malengelenge yasipasuliwe njiani. Ngozi ile nyembamba, ijapokuwa imekufa, bado yazuia uchafu usiingie.