Monita ya Nje kwa Kompyuta Mpakato

Katika kata ya vijijini kama Kitandililo, iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako mkoani Njombe, kompyuta mpakato, ambayo wengi huiita laptopu, aghalabu si mali ya mtu mmoja. Shule, ofisi ya kata au chama cha ushirika huwa nayo moja, nayo hupita katika mikono mingi. Sehemu yake iliyo dhaifu ni kioo. Kalamu iliyosahauliwa juu ya vibonye wakati kifuniko kinafungwa yatosha kukipasua. Hapo mashine huwekwa kabatini na kuhesabiwa kuwa imekufa, ilhali sehemu zake zinazofanya kazi ya kukokotoa na kuhifadhi ni nzima kabisa.

Monita ya nje, hata iliyokwisha kutumika, yaweza kuirudisha kazini mashine kama hiyo kwa gharama ndogo kuliko kununua nyingine. Lakini fedha hupotea kwa urahisi katika jambo hili. Mtu husafiri hadi Makambako mjini, hununua monita pamoja na waya, kisha hurudi na kukuta kwamba tundu la kompyuta na tundu la monita havipatani. Inafaa basi kuelewa ni kitu gani hupita katika waya ule kabla ya kulipa.

Jaribio la kwanza halihitaji ununuzi wowote. Kompyuta huwashwa katika chumba chenye giza, na kioo chake kimulikwe kwa kurunzi kwa pembe. Ikiwa picha hafifu inaonekana, kilichokufa ni taa iliyo nyuma ya kioo, wala si mashine. Kisha yafaa kuazima televisheni yoyote yenye tundu la HDMI na kuiunganisha. Picha isipotokea, hubonyezwa kibonye chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, halafu mshale wa kushuka na kibonye cha kuingiza, na kungoja sekunde chache. Huenda ikabidi kurudia mara mbili au tatu, maana anayefanya hivyo haoni anachokichagua. Picha ikitokea, sehemu inayotengeneza picha ni hai, na monita itakuwa ununuzi wa maana. Isipotokea kwa njia yoyote, afadhali kumwona fundi kwanza.

Sasa tuangalie waya. Picha ya kompyuta hufanywa kwa nukta ndogo ndogo, ambazo mafundi huziita pikseli. Monita ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Rangi ya kila nukta huelezwa kwa biti 24, na picha nzima hutumwa upya mara 60 kwa sekunde. Msomaji akizidisha atapata karibu biti bilioni 3 kila sekunde. Monita ya daraja la 4K ina nukta mara nne ya hizo, na mzigo wake hukua vivyo hivyo. Katika safari hiyo kuna vituo vitatu: tundu la kompyuta, waya, na tundu la monita. Kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kiamuacho. Ndiyo maana monita ya bei kubwa iliyofungwa kwenye kompyuta ya zamani haitoi picha bora kuliko ile ambayo kompyuta yenyewe yaweza kuituma.

Matundu yenyewe ni ya namna chache. La VGA, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, lina pini 15 katika safu tatu. Hili hutuma rangi nyekundu, kijani na buluu kama nguvu za umeme zinazopanda na kushuka, si kama tarakimu. Kwa hiyo waya ukiwa mrefu au mbovu herufi huota vivuli. Tundu la HDMI, ambalo kanuni zake zilitolewa mwaka 2002, lina pini 19 na hutuma tarakimu. DisplayPort, la mwaka 2006, ni la ukoo huo huo wa tarakimu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande wa pili haufanyi kazi, kwa sababu tarakimu haziwezi kugeuka zenyewe kuwa nguvu za umeme zinazopanda na kushuka. Kinachotakiwa ni adapta yenye saketi ya kugeuza ndani yake, na adapta hiyo huenda njia moja tu. Inayogeuza HDMI kuwa VGA haitasaidia kompyuta ya zamani yenye VGA kufikia monita ya HDMI.

Tundu dogo la USB-C, lililotokea mwaka 2014, lina udanganyifu wake. Umbo ni moja, lakini uwezo hutofautiana. Baadhi hupitisha picha, mengine hupitisha data na umeme wa kuchaji tu. Kulitazama peke yake hakutoshi. Ni lazima kusoma maelezo ya kompyuta yenyewe, au kulijaribu dukani kabla ya kulipa.

Je, televisheni haitoshi? Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Leo vyombo hivyo viwili vimekaribiana hata kimoja hushika nafasi ya kingine. Jibu linategemea umbali. Jicho zima haliwezi kutenganisha nukta mbili ikiwa pembe kati yake ni ndogo kuliko sehemu moja ya sitini ya digrii. Katika monita ya inchi 24 nukta zina nafasi ya milimita 0.28, nazo hupotea machoni kwenye umbali wa karibu meta moja. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1,366 kwa 768 tu, zenye nafasi ya milimita 0.52, nazo hazipotei mpaka mtu asogee meta 1.8. Kwa mwalimu anayejumlisha alama mezani, televisheni hiyo itamchosha macho. Kwa darasa, kasoro hiyo haionekani.

Darasani tatizo ni jingine. Mwanafunzi aliyeketi meta 6 kutoka kwenye kioo huhitaji herufi yenye kimo cha milimita 9 ili aitambue kwa shida, na kama milimita 20 ili aisome kwa raha. Pamoja na nafasi kati ya mistari, monita ya inchi 24 yatosha mistari saba au minane, na televisheni ya inchi 43 mistari kama 13. Kurasa zilizojaa maandishi hazifai kwa chombo chochote kati ya hivyo.

Upande wa umeme, kibandiko cha nyuma kisomwe. Vyombo vilivyotumika ng'ambo vyaweza kuwa vya volti 120 tu, na umeme wetu wa volti 230 utaviunguza mara moja. Kibandiko kinachosema 100–240 hakina neno. Matumizi si makubwa: monita ya wati 25 ikiwaka saa 8 hula uniti 0.2 ya LUKU. Jambo lisilofikiriwa mapema ni kwamba kompyuta ina betri lakini monita haina. Umeme ukikatika, mashine yenye kioo kilichokufa huendelea kufanya kazi gizani, na mwenye kuitumia haoni chochote. Basi ajizoeze kuhifadhi kazi kwa kubonyeza Ctrl pamoja na S, bila kungoja kuona. Mvua za radi zikianza, plagi ichomolewe na waya wa picha pia, kwani radi hupita njia zote mbili.

Nyanda hizi ziko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai ni kali. Monita iliyosafirishwa usiku juu ya gari na kuingizwa asubuhi katika chumba chenye watu na moto hupata umande, nje na ndani. Iachwe bila kuwashwa kwa saa mbili au tatu, mpaka kioo kiache kuwa baridi mkononi.