USUKANI UNAPOTETEMEKA: TUTAFUTE UGONJWA KABLA YA KUNUNUA DAWA



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo pengine hamkulitarajia katika jarida la madrasa, nalo ni kutetemeka kwa usukani wa gari. Baadhi ya vijana wetu wakimaliza masomo huingia katika ufundi na udereva. Zaidi ya hayo, jambo hili lilitupata sisi wenyewe tukiwa na watoto garini.

Tulikuwa tukitoka Iringa kwenda Mbeya kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, safari ya zaidi ya kilomita 300. Gari lilikuwa Land Cruiser la kuazima, lile refu ambalo watu huliita mkonga. Tulipita Mafinga na Makambako salama. Baada ya Igawa, pale barabara inapokuwa tambarare kuelekea Chimala, gari likapita juu ya rasta likiwa na mwendo. Ghafla magurudumu ya mbele yakaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu, na usukani ukawa unamponyoka dereva mikononi. Watoto walipiga kelele.

Dereva wetu, Allah amlipe kheri, hakukanyaga breki kwa pupa. Aliachia mafuta, akaushika usukani imara bila kushindana nao, gari likapungua mwendo, ndipo akaegesha pembeni. Mtetemeko ulikwisha gari lilipokaribia kusimama.

Gereji ya kwanza ilitufungia shokapu mpya ya usukani. Tukalipa, tukaondoka. Kwa wiki tatu gari lilitulia, na wiki ya nne, njiani kwenda Chunya, balaa likarudi vilevile. Hapo ndipo tulipompata fundi mmoja mzee aliyetuambia kwamba tulinunua dawa ya maumivu, ugonjwa tukauacha.

KWA NINI GARI HUTETEMEKA

Magari kama Land Cruiser hilo na Land Rover Defender la zamani yana ekseli moja nzima ya mbele, na magurudumu mawili yameungwa kwa tairodi ili yageuke pamoja. Kwa hiyo gurudumu moja likitikisika, humsukuma na mwenzake. Viungo vikiwa vimekaza, mtikisiko hufa papo hapo. Vikilegea, kila gurudumu humrudishia mwenzake mtikisiko, nao unazidi kukua.

Shokapu ya usukani kazi yake ni kumeza mitikisiko midogo. Ikiwa mpya huweza kuvificha viungo vilivyolegea mpaka nayo ichoke. Dereva hudhani amepona, kumbe ubovu unaendelea kukua chini kwa chini.

TUUTAMBUE MTETEMEKO WENYEWE

1. Unaokuja katika mwendo fulani tu, kwa mfano kati ya kilomita 70 na 90 kwa saa, kisha ukatulia. Huu mara nyingi ni wa magurudumu: balansi imeharibika, rimu imepinda au tairi limevimba. Anayetoka mashambani Rungwe wakati wa mvua aangalie tope kwanza. Hugandamana upande wa ndani wa rimu, likakauka, na gurudumu likawa zito upande mmoja. Osha kabla ya kumlipa mtu.

2. Unaokuja unapokanyaga breki tu, kama vile wakati wa kushuka Kitonga. Angalia diski au dramu za breki, kwani huenda zimepinda kwa joto.

3. Gari kuyumba na kuvuta upande mmoja. Pima upepo wa matairi kwanza. Wapo wanaopunguza upepo kwa ajili ya mchanga huko Ruaha, wakasahau kuujaza wakirudi kwenye lami. Kisha angalia alaimenti na boksi la usukani.

4. Unaoanzishwa na shimo, tuta au rasta, na hauachi mpaka gari lipungue sana mwendo. Huu ndio uliotupata, na ndio wa hatari kuliko wote. Maana yake kuna kitu kimelegea.

NAMNA YA KUTAFUTA

Kazi hii inataka watu wawili. Gari liwe mahali tambarare, gia huru, breki ya mkono imevutwa, na mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu.

Kwanza, magurudumu yakiwa chini, mmoja aupeleke usukani kidogo kushoto na kulia, haraka haraka. Mwingine aangalie chini, kiungo kimoja kimoja: tairodi endi, boksi la usukani na boliti zake, kisha ile fimbo inayoizuia ekseli isiende kando, ambayo mafundi huiita panadi rodi. Penye kiungo ambacho upande mmoja unatangulia na wa pili unachelewa, pana ulegevu.

Pili, inua gurudumu moja kwa jeki na uweke kigogo imara chini ya ekseli. Kamwe usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, nawe utikise tena. Ulegevu ukiisha, ubovu uko kwenye beringi za gurudumu. Ukibaki, uko kwenye beringi za kingipini.

Tatu, shika tairi kushoto na kulia. Likicheza upande huo tu, rudi kwenye tairodi endi.

Nne, na mwisho kabisa, fungua shokapu ya usukani, uivute na kuisukuma kwa mkono. Ikienda bila kuzuia, au ikivuja oili, imekufa.

Kwa gari letu, gurudumu la kushoto lilicheza juu na chini hata breki ilipokanyagwa. Kingipini ilipofunguliwa, sili ilikuwa imechanika, maji na tope vimeingia kwenye grisi, na beringi zimelika. Fundi aliweka beringi na sili mpya, kisha akapanga shimu na kupima ukazo kwa mizani ya kuvuta, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Mpaka leo gari hilo linapita kwenye rasta bila kutikisika.

NASIHA YETU

Wazazi, mnapokodi gari la kuwabeba watoto, muulizeni dereva kama usukani wake hutetemeka. Akijibu kwamba ameshauzoea, tafuteni gari jingine. Nanyi vijana mtakaokuwa mafundi, msiuze spea kabla ya kuukuta ubovu. Anayepanda gari amekukabidhi roho yake, na hiyo ni amana.

Allah atulinde safarini na majumbani. Wabillahi tawfiiq.