Je, Wajua? Wahesabu Nyakati na Ziwa George

Je, wajua kwamba maji ya Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George wilayani Kasese, hupita mkondo wa Kazinga hadi Ziwa Edward, kisha hutokea Ishango, upande wa Kongo, palipofukuliwa mojawapo ya hesabu kongwe kabisa duniani? Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata hapo mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha jiwe kwenye ncha. Umechanjwa mikato 168 kwa safu tatu: 60, 60 na 48. Mtafiti Alexander Marshack aliiona kama kalenda ya mwezi. Wengine waliona ni hesabu tu. Mfupa uko Brussels. Kwangu mimi, mahali pake pa haki ni karibu zaidi na ziwa ulikotoka.

Je, wajua kwamba umri wa mfupa huo ulikosewa kwa miaka 10,000 hivi? Makombe ya konokono wa tabaka lile lile, yalipopimwa kwa kaboni, yalitoa miaka kama 21,000. De Heinzelin hakuyaamini matokeo hayo, na alikuwa na sababu: konokono hujenga kombe kwa kaboni ya maji anamoishi, na maji ya ziwa lile yana kaboni kongwe, hivyo kombe huonekana kongwe kuliko lilivyo. Mwaka 1962 akauweka mfupa kati ya 9000 na 6500 kabla ya Kristo. Mwaka 1987 mtafiti Alison Brooks na mwenzake wakapima upya, umri ukarudi kwenye miaka 20,000 na zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya mwanakronolojia: kujua lipi lilitangulia, lipi lilifuata, na kwa muda gani.

Je, wajua kwamba giza la mchana liliwahi kuamua vita? Masimulizi yanasema Omukama (mfalme) Olimi wa Bunyoro aliuvamia ufalme wa Nkore. Jua likapatwa Biharwe, karibu na Mbarara, naye akarudi kwao akiacha ng'ombe aliowateka. Jua na mwezi hufuata njia zinazohesabika, kwa hiyo tukio hilo hupewa tarehe: kwa kawaida 17 Aprili 1520. Hata hivyo, mwanahistoria John Gray alipendekeza 1492. Tofauti ni miaka 28, kizazi kizima.

Kizazi ni miaka mingapi, basi? Mwanahistoria Roland Oliver alikadiria 27 kwa falme za eneo hili. Ukihesabu vizazi 15 unapata miaka 405. Ukishika 30 badala ya 27 unapata 450. Makosa madogo kwenye kila kizazi hupoteza miaka 45 mwishoni, ndiyo maana siku moja ya jua kupatwa ina thamani zaidi kuliko orodha ndefu ya wafalme.

Je, wajua kwamba njaa za huku hutafutwa Cairo? Maji ya Hamukungu hufuata mto Semliki, Ziwa Albert, kisha Nile. Wamisri walipima kina cha Nile, na kumbukumbu zao zinaanzia mwaka 622. Kipimo cha Roda, huko Cairo, kilijengwa 861. Mafuriko husimulia zaidi mvua za Ethiopia, lakini kina cha chini cha mwaka husimulia maziwa yetu. Mwaka 1979 mwanahistoria J. B. Webster na wenzake walichapisha kitabu kinacholinganisha miaka mikavu ya vipimo hivyo na njaa zinazokumbukwa na wazee.

Msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, haukuhitaji yote hayo ili umri wake ujulikane: tarehe imechongwa ukutani, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Je, wajua kwamba hata mwaka wa kuzaliwa usioandikwa popote unaweza kupatikana? Tetemeko la Toro la 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 150. Mzee wa Bwera aliyeambiwa na mama yake kwamba siku ile alikuwa akitambaa alizaliwa karibu na katikati ya 1965. Kwa waliomtangulia, kuna reli iliyofika Kasese 1956 na ziara ya Malkia Elizabeth ya 1954. Unapomhoji babu au bibi, andika tukio alilolitaja, si mwaka uliokisiwa tu: kisio likiwa na kosa, atakayekuja baadaye ataweza kulisahihisha kwa tukio hilo.