Kundelungu: safari ya kundi inaharibikia mjini, si mlimani

Kila mwaka mvua zikiisha, vijana wa Lubumbashi wanaanza kuulizana: mwaka huu tunakwenda Kundelungu ao hapana? Wafanyakazi wa kampuni moja, wanakwaya wa parokia, marafiki waliosoma pamoja, wote wanataka kuona maporomoko ya Lofoi. Ni maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, ndani ya mbuga ya taifa iliyoundwa mwaka wa 1970 katika jimbo la Haut-Katanga. Mpango ni ule ule: kupakia magari, kulala ndani ya hema siku mbili ao tatu, kutembea mlimani kwa miguu, kisha kurudi na picha.

Wenye wamekwisha kwenda wanajua kwamba safari hiyo inaharibikia mjini, wiki nyingi mbele ya kutoka. Kule juu hakuna duka, hakuna kituo cha esansi, na simu mara nyingi haina rezo. Kitu kilichosahauliwa Lubumbashi hakipatikani tena.

Tarehe: barabara nzuri ao maji mengi?

Swali la kwanza ni tarehe, na wengi wanakosea hapo. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4 mvua inanyesha, Lofoi inajaa na maporomoko yanapendeza sana. Lakini sehemu ya mwisho ya barabara ni udongo, na magari yanazama. Katika mwezi wa 8 na wa 9 barabara ni kavu kabisa, lakini maji yamepungua, na watu wanatoka mbali kuja kutazama uzi mwembamba juu ya jiwe.

Wakati wa katikati ni mwezi wa 5 na mwanzo wa mwezi wa 6. Barabara imeanza kukauka, na mto ungali na nguvu. Lakini baridi nayo imefika. Uwanda wa juu wa Kundelungu unapita mita 1600, na usiku wa kiangazi joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Kila mtu abebe blanketi mbili, soksi na koti. Wanaosema sisi ni wa Katanga, tumezoea baridi, ndio wanaoomba blanketi za wengine usiku.

Makuta: mmoja ashike, mwingine aandike

Kundi nyingi zinachanga kwa njia ya likelemba, kidogo kidogo kila mwezi. Ni njia nzuri, mradi mtu anayeshika makuta asiwe ndiye anayeandika kitabu. Hesabu iwe na esansi ya kwenda na kurudi pamoja na ya ziada, malipo ya kuingia mbuga, anayeongoza njia, chakula, chakula cha mashofere, na akiba isiyoguswa isipokuwa kwa ugonjwa ao gari lililoharibika. Mkubaliane mapema pia juu ya mtu anayejiondoa siku ya mwisho. Kama esansi imekwisha kununuliwa, hawezi kurudishiwa yote, maana pengo lake linalipwa na wenzake.

Magari: hata siku moja lisiende moja

Gari moja likikwama, lingine linalivuta ao linakwenda kutafuta msaada. Kwa hiyo yawe mawili ao zaidi, na angalau moja liwe 4x4 lenye kusimama juu. Fundi ayaangalie wiki moja mbele, si jioni ya kuamkia safari, kwani jioni hiyo duka la vipuri limefungwa. Kila gari libebe tairi la akiba lenye upepo, jeki, kamba ya kuvutia, jembe na bido mbili za maji.

Mtoke saa kumi na moja ya asubuhi kupitia barabara ya Kasenga, ili hema zisimamishwe mbele ya giza. Kwenye bariere kila mtu awe na kadi yake ya uchaguzi, na shofere awe na karatasi zote za gari. Ruhusa ya ICCN, shirika la serikali linalolinda mbuga, itafutwe mapema.

Ni ICCN pia inayojua hali ya usalama. Wakaaji wa sehemu hizi hawajasahau vita vya Mai-Mai kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, sehemu iliyoitwa pembetatu ya kifo. Walinzi wakisema wiki hii hapana, ni hapana, hata kama nyama imekwisha kununuliwa.

Swali ambalo hatukuuliza

Katika safari yetu ya kwanza tulikuwa watu 14 ndani ya magari matatu. Tulihesabu masufuria, sahani na hata viberiti. Hatukumuuliza mtu hata mmoja juu ya afya yake.

Usiku wa kwanza, karibu saa tatu, dada mmoja alianza kulia ndani ya hema. Mgongo na mifupa ya miguu vilimuuma mpaka hakuweza kusimama. Mdogo wake ndiye aliyetuambia ukweli: ni SS. Dawa zake alikuwa ameziacha nyumbani, kwa sababu aliogopa tukiziona tutamkataza kuja.

Baridi, uchovu na kukosa kunywa maji ya kutosha ndivyo vitu vinavyoweza kuamsha maumivu ya SS, na siku hiyo alikuwa amevipata vyote vitatu. Tulimfunika blanketi zote, tukampa maji ya vuguvugu kidogo kidogo, tukangoja. Hakuna kati yetu aliyejua kituo cha afya cha karibu kiko wapi. Kulipopambazuka, gari moja liliteremka naye. Alilazwa Lubumbashi siku nne, akapona.

Tangu hapo, kila mwenye kujiandikisha anaongea peke yake na mtu mmoja wa kundi, anayejua kufunga mdomo. Una SS, pumu, kisukari, presha? Una mimba? Unakunywa dawa gani? Hatuulizi ili tumkatae mtu. Tunauliza ili tujue nani alale ndani ya gari, nani asibebe mzigo, na hospitali gani iko njiani.

Kutembea: mwenye kuchelewa awe mbele

Siku ya kutembea, mwenye miguu mizito atangulie, na wenye nguvu wafuate. Akiwekwa nyuma, anakimbiza wenzake siku nzima, na wanapopumzika wao, yeye ndiyo kwanza anafika. Saa ya kugeuka ipangwe asubuhi. Sisi tunageuka saa nane, tuwe tumefika ao hatujafika, kwani jua linazama mbele ya saa kumi na mbili. Kila mtu abebe lita mbili za maji, tochi na firimbi. Kwenye ukingo wa maporomoko jiwe linateleza, na hapo si mahali pa kupiga picha za kuchezacheza.

Majani ya kiangazi yanawaka haraka. Mpikie mahali palipofyekwa, na makala yatoke nyumbani, bila kukata mti wa mbuga. Moto uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi. Takataka zirudi na magari. Na mkitembezewa nyama ya pori barabarani, msinunue: imetoka ndani ya mbuga mliyolipa kuitazama.

Mwaka uliofuata yule dada alijiandikisha wa kwanza. Alikuja na dawa zake, blanketi tatu na barua ya muganga wake. Wengine walipoteremka mlima, yeye alibaki kwenye hema na mdogo wake, akapika bukari na ndagala. Tuliporudi tulikuta chakula kingali na moto.