Kipupwe ni neema ya bustani Unguja, kaskazi yataka hesabu

Mvua za masika zinapokatika na upepo wa kusi kushika kasi, kila mwenye uwanja Unguja hukumbuka jembe. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na ubaridi, jua haliumizi na udongo bado una unyevu. Ndicho kipupwe, msimu ambao tungule, pilipili boga, kabichi na hata karoti hukubali bila ya kubembelezwa sana.

Tatizo ni kwamba kila mtu analijua hilo. Mbegu ya tungule hukaa kitaluni wiki nne, kisha huchukua siku 70 hadi 80 shambani kabla ya kuchumwa. Wote wanaosia mwanzoni mwa Juni huvuna Septemba, na siku hizo matenga hugombania nafasi Darajani na Mwanakwerekwe. Bei ikishuka, mkulima hulaumu madalali, wakati kosa lilifanyika kitaluni miezi mitatu nyuma.

Dawa yake ni kugawa kitalu. Badala ya kusia pakiti nzima siku moja, mkulima asie theluthi, asubiri wiki mbili, asie nyingine. Mavuno hurefuka, na walaji wa nyumbani nao hawaozeshi.

Kipupwe kina ukungu wake pia. Majani yanayolala na maji usiku huugua upesi, hivyo kumwagilia kufanyike asubuhi, tena shinani. Mdudu kantangaze, aliyegunduliwa nchini Tanzania mwaka 2014, huchimba ndani ya jani na tunda, na dawa ya juu juu humpita. Jani lenye michirizi ling'olewe na kuchomwa moto, lisitupwe pembeni ya tuta. Aidha, tungule zisifuatiwe na bilingani, pilipili wala mbatata katika tuta lile lile, kwani zote ni ukoo mmoja na hurithishana maradhi. Kunde au mchicha ndio wa kufuata.

Ramadhani ndani ya kaskazi

Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa umeingia katika kiangazi cha kaskazi. Kwa mwaka 2027 unatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Anayetaka tungule za futari hana budi kusia mwishoni mwa Oktoba, vuli inapoanza, ili achume mwanzoni mwa Februari.

Hapa tahadhari inahitajika. Usiku wa joto wa Januari huangusha maua ya tungule hata kama maji yapo, na ndiyo sababu mojawapo soko la Unguja hutegemea sana mzigo unaovuka kutoka Bara. Mwenye uwanja mdogo asishindane na mzigo huo kwa tungule peke yake. Bamia, bilingani, matembele na mchicha huvumilia joto, na mchicha huuzika ndani ya wiki tatu hadi nne. Aidha, mboga ya majani haipendi safari ya baharini, na hapo ndipo mkulima wa karibu anapomshinda wa mbali.

Familia inayokula mafungu mawili ya mchicha kwa siku hununua mafungu 60 kwa mwezi. Matuta manne madogo, yakisiwa kwa kupishana wiki moja, yanaweza kuiondolea sehemu kubwa ya gharama hiyo. Mwenye nyumba aandike anachotumia sokoni kwa mwezi mmoja kabla hajanunua mbegu, wengi hushangaa.

Maji ya visima vya pwani huzidi chumvi wakati wa kiangazi. Maharage, vitunguu na karoti huonyesha mapema kwa kuungua ncha za majani. Spinachi huvumilia zaidi. Matandazo ya majani makavu hupunguza maji yanayohitajika, na kitalu kifunikwe kwa kivuli cha makuti.

Mji Mkongwe na maweni

Wakaazi wa Mji Mkongwe hupanda katika ndoo, madebe na makopo juu ya dari au kwenye ua wa ndani. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufika kilo 30 au zaidi, na dari nyingi zimebebwa na boriti za mikoko. Vyombo vipangwe karibu na kuta, si katikati ya dari, lakini visigusane nazo, maana kuta za mawe na chokaa hunyonya maji na boriti iliyolowa huoza kimya kimya.

Udongo wa kuchota kwenye vifusi vya nyumba umejaa chokaa. Mmea hugeuka njano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, na mwenyewe hudhani una kiu. Kinachokosekana ni madini ya chuma, ambayo chokaa huyafungia. Mboji na samadi iliyooza husaidia. Jivu la jikoni, ambalo wengi hulimwaga wakidhani ni mbolea, huzidisha ubaya. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa.

Hali ni hiyo hiyo kwa wakulima wa maweni ya Paje, Jambiani na Makunduchi, ambao udongo wao umo katika mifuko kati ya mawe. Huko hakuna faida ya kulima tuta refu. Kila kishimo kijazwe samadi mwezi mmoja kabla ya mvua, kipandwe mmea mmoja, na jivu libaki jikoni.